Ni kipi hasa kinachoifanya bendi ya roki ihesabiwe kuwa jam bendi?

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Katika nyuzi zetu za muziki wa nje limekuwa likijirudia dai moja ambalo siliafiki, nalo ni kwamba bendi yoyote ya roki inayoweza kupiga wimbo mmoja kwa dakika ishirini jukwaani ni jam bendi, jina wanalopewa wale wanaosifika kwa kubuni muziki pamoja papo hapo jukwaani. Tukikubali kigezo hicho, basi bendi za Uingereza kama Deep Purple, Cream na Led Zeppelin zitaingia kundi moja na Grateful Dead na Phish za Marekani, na neno lenyewe litakuwa halina kazi tena. Nakusudia kuonesha kwamba urefu wa wimbo hautoshi, na kwamba hata yale mambo ambayo Wamarekani wenyewe huyataja kwanza, yaani orodha ya nyimbo inayobadilika kila usiku, mashabiki wanaoifuata bendi mji hadi mji na ruhusa ya kurekodi maonesho, ni matokeo ya jambo moja la kimuziki lililotangulia.

Jambo lenyewe ni hili: katika jam bendi, mpiga ala yeyote, awe wa solo, besi, ridhimu, kinanda au dramu, ana mamlaka ya kuugeuza wimbo ukiwa katikati, na wenzake wana wajibu wa kumsikia na kumjibu hapohapo. Kumpa mtu mmoja nafasi ya kuonesha ufundi huku wengine wakimshikia mapigo ni kitu kingine kabisa, hata kama nafasi hiyo itachukua nusu saa.

Tuanze na Grateful Dead, kwa sababu bila wao aina hii ya bendi isingekuwa na pa kuanzia. Walianza mwaka 1965 huko Palo Alto, California, wakijiita The Warlocks, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wakipiga katika hafla za mwandishi Ken Kesey, ambako wahudhuriaji walitumia LSD, dawa ya kulevya ambayo wakati huo ilikuwa bado haijapigwa marufuku California. Hapakuwa na mteja wa kuomba kibao cha redioni wala mwenye ukumbi wa kulalamika kwamba wimbo umezidi muda wake. Uhuru wa mahali, hata hivyo, hauzai muziki. Bendi nyingi zilipata uhuru kama huo California ya miaka ile na hazikuacha chochote cha kusikilizwa leo.

Kilichowatofautisha ni mchanganyiko wa watu. Jerry Garcia alikuwa ametokea kwenye banjo na blugrasi, muziki wa Kimarekani wa ala za nyuzi. Phil Lesh alikuwa mpiga tarumbeta aliyesoma utunzi kwa Mtaliano Luciano Berio katika Chuo cha Mills, na alipoitwa kushika gitaa la besi mwaka 1965 hakuwa mpiga besi. Kwa sababu hiyo hakuwa na mazoea ya kazi hiyo, yaani kushikilia noti ya msingi ya kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) na kumwachia solo uwanja. Badala yake alipiga mistari inayojitegemea, inayojibizana na gitaa la Garcia kana kwamba besi nayo ni solo ya chini. Bob Weir, kwenye ridhimu, alieleza kwamba alijifunza kwa kumsikiliza McCoy Tyner, mpiga piano wa gwiji wa saksofoni ya jazi, John Coltrane. Bill Kreutzmann alikuwa kwenye dramu, na mwaka 1967 akaongezeka Mickey Hart, zikawa seti mbili za dramu zinazosikilizana. Ron McKernan, maarufu kama Pigpen, ndiye aliyebeba blues ya bendi kwa kinanda na sauti yake.

Chukueni wimbo wao wa Dark Star. Kwenye santuri ndogo ya mwaka 1968 haufiki dakika tatu. Kwenye albamu ya Live/Dead ya mwaka 1969, wimbo uleule, uliorekodiwa tarehe 27 Februari mwaka huo katika ukumbi wa Fillmore West mjini San Francisco, unapita dakika 23. Msikilizaji wa haraka atasema kwamba Garcia amepewa solo ndefu, lakini sivyo. Wimbo umesimama juu ya kodi chache mno, kwa hiyo hakuna mzunguko unaomlazimisha mtu awe mahali fulani kwa wakati fulani. Baada ya kile kipande kifupi cha utangulizi, zinapita dakika kadhaa kabla ubeti wa kwanza haujaimbwa, na katika muda huo Lesh mara anatulia chini, mara anapanda hadi anakaribia sauti za gitaa. Weir anaweka kodi zake pale tu wenzake walipoacha nafasi. Na wapiga dramu wanajizuia kwa muda mrefu, wakitumia ala ndogondogo badala ya kuushikilia mdundo. Muziki unaweza kulegea hadi ukadhani umekufa, kisha mmoja anakirudisha kile kipande cha utangulizi na wote wanakusanyika kuingia kwenye ubeti. Ukiifuta sauti ya Lesh katika rekodi hiyo, hutabaki na solo ya Garcia iliyo kamili, kwa maana nusu ya anachokipiga ni majibu ya besi.

Sasa njooni kwa Allman Brothers Band, kundi lililoanzishwa mwaka 1969 huko Jacksonville, Florida, kisha likaweka makao Macon, Georgia. Hawa nawaleta makusudi kwa sababu wanawavuruga wale wanaoamini kwamba alama ya jam bendi ni kutorudia nyimbo. Kikosi chao cha kwanza kilikuwa na hazina ndogo ya nyimbo, na usiku baada ya usiku walipiga takriban zilezile. Hata hivyo albamu yao ya At Fillmore East, iliyorekodiwa New York mwezi Machi 1971 na kutoka Julai mwaka huohuo, ni msahafu wa fani hii. Whipping Post inaanza kwa besi ya Berry Oakley katika mapigo kumi na moja, hesabu ambayo ingetosha kuwafanya wanamuziki wengine waogope kutoka nje ya mstari, lakini wimbo unakwenda dakika 23 na katikati yake unafika mahali ambapo mdundo umeyeyuka kabisa, gitaa la Duane Allman na la Dickey Betts yakinong'onezana bila kujulikana nani anaongoza. Duane alikuwa akisikiliza sana albamu ya jazi ya Kind of Blue ya Miles Davis pamoja na rekodi za Coltrane, na athari yake inasikika: kodi chache, nafasi nyingi, na subira. Alifariki kwa ajali ya pikipiki tarehe 29 Oktoba 1971, akiwa na miaka 24.

Kwa hiyo orodha ya nyimbo ilikuwa ileile, ila muziki haukuwa uleule. Ndiyo sababu naiweka orodha katika nafasi ya pili.

Phish nao wanathibitisha kwamba kusikilizana huku si karama ya kuzaliwa nayo bali ni kazi ya mazoezi. Bendi hii ilianza mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Vermont, mjini Burlington, na ikakamilika mwaka 1985 alipoingia mpiga kinanda Page McConnell kuungana na Trey Anastasio, Mike Gordon na Jon Fishman. Katika mazoezi yao walikuwa na zoezi ambalo ningependa kila bendi ya vijana ilijaribu. Mmoja anaanzisha kifungu kifupi kinachojirudia. Wengine watatu, kila mmoja kwa ala yake, wanatafuta cha kukiongezea bila kukifunika. Mtu anapoona kwamba wenzake wote wametulia, na si kwamba yeye mwenyewe ametulia, anatamka neno moja, "hey". Wote wanne wakishalitamka, anayefuata kwa zamu anabadilisha kifungu chake na kazi inaanza upya. Mkiangalia vizuri mtaona kwamba zoezi zima ni la masikio, wala si la vidole.

Mashabiki wa Phish ndio waliotupatia pia mgawanyo unaosaidia sana katika mjadala huu. Wanatofautisha ubunifu wa aina ya kwanza, ambao wanamuziki hujenga juu ya kodi na mdundo wa wimbo wenyewe, na wa aina ya pili, ambao huuacha wimbo kabisa, ukabadili ufunguo, kasi na hisia, na huenda usirudi ulikotoka. Roki nyingi inaifahamu aina ya kwanza. Aina ya pili ndiyo inayodai kwamba watu wanne waaminiane bila kuambizana kitu.

Kutoka hapo, yale mengine yanajieleza yenyewe. Ikiwa wimbo unaweza kuishia pasipotarajiwa, basi ni rahisi uingie katika wimbo mwingine bila kusimama. Grateful Dead kuanzia mwaka 1977 walikuwa wakiiunganisha Scarlet Begonias na Fire on the Mountain kwa namna hiyo, na mashabiki katika kumbukumbu zao huweka mshale kati ya majina mawili badala ya mkato. Ikiwa kila usiku una kitu chake, basi kuna sababu ya kwenda leo na kurudi kesho, na bendi yenye watazamaji walewale usiku wa pili haina budi kubadilisha nyimbo. Na ikiwa kila usiku una kitu chake, basi kila usiku unastahili kurekodiwa. Watu walikuwa wakirekodi maonesho ya Dead kwa siri na kwa wazi kwa miaka mingi hadi bendi, mwaka 1984, ilipowatengea sehemu maalumu ukumbini wenye vinasa sauti. Sharti lililoheshimiwa ni kwamba kanda zibadilishwe bure na zisiuzwe. Hakuna anayehangaika kukusanya kanda mia za bendi inayopiga wimbo kama ulivyo kwenye albamu.

Garcia alifariki tarehe 9 Agosti 1995, baada ya miaka 30 na maonesho zaidi ya elfu mbili, na wafuasi wengi wakahamia kwa Phish na wengineo. Ni katika miaka hiyo ya 1990 ambapo jina la jam bendi lilienea kama jina la kundi zima, na tamasha la H.O.R.D.E., lililoanzishwa mwaka 1992 kwa juhudi za John Popper wa Blues Traveler, lilikuwa limekwisha kuwaweka pamoja Phish, Widespread Panic, Spin Doctors na wengine. Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia, kwa sababu jina lilianza kuwafuata waliokuwa wakishiriki jukwaa na mashabiki, hata pale walipokuwa hawafanani muziki.

Nimemaliza hoja ya msingi. Karibuni kwa michango.

#2 – Mchangiaji

Mkuu, uzi wako umeshiba, lakini naona umemruka Deep Purple kwa haraka mno. Made in Japan ya mwaka 1972 ina Space Truckin' ya karibu dakika ishirini, wakati wimbo huo kwenye albamu ya studio haufiki dakika tano. Jon Lord kwenye kinanda na Ritchie Blackmore kwenye gitaa wanabuni papo hapo, na hakuna ubishi juu ya hilo. Vilevile Led Zeppelin walikuwa wakiivuta Dazed and Confused kupita dakika 25, na mpiga gitaa wao Jimmy Page hakuipiga sawa siku mbili. Je, huoni kwamba unawanyima haki kwa sababu tu mashabiki wao hawakuvaa fulana za rangirangi kama wale wa Dead?

#3 – Mleta uzi

Fulana hazimo katika hoja yangu, mkuu, ingawa nakubali kwamba kwa wengi ndizo zinazoamua.

Deep Purple hawanipi shida. Sikiliza jinsi nafasi zinavyogawiwa katika Made in Japan: kinanda kina zamu yake, gitaa lina zamu yake, dramu zina wimbo mzima wa kujitanua, na katika Strange Kind of Woman gitaa na sauti ya Ian Gillan zinajibizana kwa mtindo wa nitangulie unifuate. Yote ni ya kusisimua, na Lord alikuwa bingwa. Lakini mwenye zamu ndiye anayebuni, na waliobaki wanamtunzia mahali pa kurudi. Mpiga besi hana mamlaka ya kuupeleka wimbo kwingine katikati ya zamu ya Blackmore, na sidhani kama Blackmore angelivumilia jambo hilo.

Cream ni kesi ngumu zaidi. Spoonful ya jukwaani katika Wheels of Fire ya mwaka 1968 haina mtu wa kusindikiza: Jack Bruce kwenye besi, Ginger Baker kwenye dramu na Eric Clapton kwenye gitaa wanabuni wote watatu kwa wakati mmoja, na Grateful Dead na Allman Brothers walijifunza mengi kutoka kwao. Kwangu mimi Cream ni wazazi wa fani, si wanafamilia wenyewe, kwa sababu ninachokisikia pale mara nyingi ni mashindano. Kila mmoja anasukuma, na hakuna anayengoja. Bendi haikumaliza hata miaka mitatu.

Kuhusu Led Zeppelin naomba niwe mkweli kwamba Dazed and Confused inakidhi kigezo changu. John Bonham kwenye dramu na John Paul Jones kwenye besi wanamfuata Page popote anapokwenda, na mara nyingine wao ndio wanaomgeuza. Tofauti iliyobaki ni kwamba ule ulikuwa wimbo mmoja au miwili ya aina hiyo ndani ya onesho ambalo sehemu yake kubwa ilijulikana mapema. Kwa Dead, kuanzia miaka ya 1970, nusu ya pili ya onesho nzima ilikuwa hivyo, na ndani yake kukawa na sehemu ya kawaida ya dramu tupu ikifuatwa na sehemu isiyo na wimbo kabisa. Zeppelin walikuwa bendi ya roki yenye uwezo wa kufanya kazi ya jam bendi walipotaka.

#4 – Mchangiaji mwingine

Naomba kuuliza kwa nia njema. Wengi wetu tumekulia kwenye sebene, na tunajua kwamba wimbo wa kwenye kaseti na wimbo wa ukumbini ni vitu viwili. TPOK Jazz ya Franco iliweza kuuvuta wimbo kadiri wachezaji walivyokuwa bado wamesimama. Kwa maelezo yako, kwa nini tusiwaite jam bendi na hao?

#5 – Mleta uzi

Swali zuri. Nafikiri tukiusikiliza muziki wenyewe tutaona kwamba sebene iko karibu sana na ile aina ya kwanza. Kodi zinazunguka zilezile, gitaa la ridhimu na la kati yanafumana kwa namna isiyotikisika, na mpiga solo anabadilisha vifungu, kimoja baada ya kingine, bila mzunguko kuvunjika. Nguvu yake yote inatokana na huko kutovunjika, kwani mzunguko ukiyeyuka kama ulivyoyeyuka kwenye Whipping Post, wachezaji watasimama na kuangaliana. Hivyo ni utaratibu uliokamilika wenye malengo yake, na sioni faida ya kuupachika jina la bendi za roki za Marekani, ambazo zilijengwa juu ya blues, blugrasi na jazi ya Coltrane.

Kama tunatafuta mahali ambapo Dead na Afrika walikutana kweli, basi ni Misri, mwezi Septemba 1978, walipopiga kwa siku tatu chini ya piramidi za Giza. Mwanamuziki Mnubi Hamza El Din alianza na Ollin Arageed, wimbo wa kupiga makofi wenye mzunguko wa hesabu ndefu, na wanabendi wakaingia mmojammoja, taratibu, hadi muziki wa Kinubi ukajikuta umegeuka kuwa wa Dead bila kuonekana mshono. Yeyote anayetaka kujua ninamaanisha nini ninaposema wajibu wa kusikia, aanzie hapo.

#6 – Mchangiaji

Na Dave Matthews Band? Naona kila orodha ya Wamarekani inawataja. King Gizzard & the Lizard Wizard nao siku hizi wanaitwa hivyo.

#7 – Mleta uzi

Dave Matthews Band, wa Charlottesville, Virginia, tangu mwaka 1991, wana kila kitu cha nje: waliruhusu kurekodiwa, wanabadilisha nyimbo, wana watu wanaowafuata safari nzima. Muziki wao jukwaani unarefuka, ila kwa sehemu kubwa unarefuka kwa zamu, saksofoni kisha fidla (hadi mwaka 2018) kisha gitaa, juu ya mapigo ya mpiga dramu Carter Beauford ambayo peke yake yanatosha kumfanya mtu anunue tiketi. Mimi huwaweka mlangoni, mguu mmoja ndani.

King Gizzard wanavutia zaidi kwa sababu wamesafiri kinyumenyume. Ni bendi ya Melbourne, Australia, iliyoanza mwaka 2010 ikipiga roki ya gitaa chafu, na imetoa albamu kwa kasi ya kutisha, kila moja kwa mtindo wake, mpaka metali. Waliruhusu watu watoe rekodi zao, na mwaka 2022 walipiga maonesho matatu katika ukumbi wa wazi wa Red Rocks, Colorado, bila kurudia wimbo. Mashabiki wa Phish wakawafuata kwa sababu waliona alama walizozizoea. Lakini kilichonishawishi mimi si alama hizo. Linganisheni maonesho yao ya miaka ya mwanzo na ya sasa, na hasa nyimbo kama The River na Head On/Pill: mwanzoni zilikuwa zikirefushwa kwa kuongeza kelele na kasi, ilhali siku hizi zinaachwa zitangetange, mtu anaokota kifungu cha wimbo mwingine wao, wenzake wanakitambua, na ndani ya mapigo machache bendi nzima imehama. Wamejifunza kazi hiyo mbele ya watazamaji, wakiwa tayari ni maarufu, jambo ambalo ni nadra. Mwenye rekodi ya onesho lao ambayo anaona inapinga hili aiweke hapa na ataje dakika, tuisikilize.